Nani Alipiga Picha ya Mzungu?

Kwetu Chome, sebuleni kwa bibi, ipo picha moja tu ya babu akiwa kijana. Imetundikwa juu ya mlango, kwenye fremu ambayo kioo chake kimepasuka kona moja. Babu amesimama mbele ya nyumba ya zamani, koti limempwaya mabegani, mkono mmoja umeshika tawi la mbuni. Pembeni yake yupo Mzungu kijana, mrefu, mikono ya shati kaikunja hadi kwenye viwiko. Begani kwake unaning'inia mkoba mdogo wa ngozi, kifuniko kiko wazi. Wote wawili wamekunja nyuso kwa sababu ya jua. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli: 1964.

Tangu nikiwa mtoto tuliiita "picha ya Mzungu". Tulimaanisha kwamba ni kazi yake. Yeye ndiye aliyekuja na kamera. Alikuwa mwalimu kutoka Marekani, akakaa kama miaka miwili, akaondoka, na picha ikaja baadaye kwa posta ndani ya bahasha ngumu. Kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya picha, jambo hilo halikuwahi kutusumbua. Mzungu alikuwa na kamera, kwa hiyo Mzungu ndiye aliyepiga. Hesabu ikaishia hapo.

Krismasi ya mwaka 2019 ndiyo nikauliza. Unajua Desemba kwetu: kila mtu aliyeko mjini anapanda mlima, nyumba inajaa, watu wanalala wanne kitanda kimoja, sufuria la makande haliondoki jikoni. Usiku mmoja ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, umeme umekatika, tumekaa na taa ya simu. Mwanga ukaangukia ile fremu. Nikasema, kama mtu anayejisemea tu, "Bibi, hivi huyu Mzungu alijipigaje na yeye yumo?"

"Alijipiga wapi?" bibi akajibu. "Niliwapiga mimi."

Shangazi akaangua kicheko. "Mama naye! Wewe kamera umeijulia wapi?"

Bibi hakucheka. Akanigeukia mimi, maana akitaka kusema la maana huwa ananiita kwa utani wa bibi na mjukuu. "Sikiliza, mume wangu. Lilikuwa jeusi, zito kama tofali. Kwa mbele lina magurudumu yenye meno, kama ya ndani ya saa. Akaniambia chungulia tundu hili. Nikachungulia, nikaona kichwa cha babu yako kimekatika, kimekaa pembeni ya shingo. Nikapiga kelele. Akacheka, akaniambia zungusha gurudumu. Nikazungusha mpaka kichwa kikarudi mahali pake. Halafu akanihamishia tundu la pili, huko nikawaona wote wawili wazima. Akakimbia kwenda kusimama na babu yako. Nikabonyeza. Na kidole alinikataza kisikae mbele."

Niliandika maneno hayo kwenye simu, kwa sababu ya mazoea ya kazi. Lakini msomaji, nitakuwa mkweli: sikumwamini. Nilidhani ni ndoto za uzee. Kichwa kukatika, tundu la kwanza, tundu la pili, kidole kukatazwa. Kamera gani hiyo? Mimi kamera nilizozijua unachungulia tundu moja, unabonyeza, basi. Mimi ndiye ninayelipwa kusikiliza watu, na bibi yangu mwenyewe nilimwandika kama mtu anayepitisha usiku.

Nilivyorudi Dar es Salaam nilimsimulia rafiki yangu mmoja anayekusanya kamera za filamu. Nilimsimulia kama kichekesho. Nilipofika kwenye tofali na magurudumu yenye meno, akanikatisha. "Argus C3," akasema. "Wamarekani wenyewe wanaiita tofali."

Hapo ndipo kesi yangu ilipoanza. Watani wetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Haya. Nami nimetumia muda na pesa kwa ajili ya kesi ya picha moja, na siombi radhi.

Argus ni jina la kamera zilizotengenezwa Ann Arbor, jimbo la Michigan, na kampuni iliyoanza kama ya redio. Mwaka 1936 ilitoa Argus A, kamera ndogo ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, kwa dola 12.50. Wakati huo kamera ndogo za filamu ya milimita 35 zilikuwa mali ya wenye nacho. Leica na Contax za Ujerumani zilisifika dunia nzima, ila mfanyakazi wa kawaida alizitazama dirishani tu. Argus iliwaletea watu hao kamera waliyoweza kuinunua. Mwaka 1938 ukaja mfululizo wa C, wenye umbo la mche wenye kona kali, na mwaka 1939 ikatoka C3. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1966, ikiwa na mabadiliko machache tu, na kwa hesabu inayotajwa zaidi zilitoka takriban milioni 2.

C3 ni ya kundi linaloitwa renjifainda, yaani kamera zenye kipima-umbali ndani yake. Ufanyaji kazi wake ni rahisi kuliko jina. Fumba jicho la kulia utazame kidole chako, kisha fumba la kushoto: kidole kinahama. Kila jicho linaona kutoka mahali pake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kukisia umbali. Renjifainda ina vidirisha viwili vilivyoachana kidogo, na kioo ndani yake kinachokuletea mionekano yote miwili kwenye tundu moja. Mionekano isipooana, lenzi haijafika kwenye umbali sahihi. Unazungusha mpaka ioane.

Kamera nyingi za aina hii huweka mwonekano mmoja juu ya mwingine, unaona vitu viwili viwili kama mlevi. C3 haifanyi hivyo. Yenyewe huukata mwonekano vipande, cha juu na cha chini. Ukimlenga mtu na hujapatia umbali, sehemu yake ya juu huhamia pembeni ya sehemu ya chini.

Soma tena alichosema bibi.

Wamarekani walitengeneza renjifainda nyingine pia. Kodak ilitoa 35 RF mwaka 1940, kitu chenye sura ya ajabu kama mashine ya maabara. Mwaka 1941 ikatoa Ektra, iliyokusudiwa kuwashinda Wajerumani. Mgongo wake uliweza kuchomolewa ukabadilisha filamu katikati ya kazi. Ilikuwa ghali mno, ikatengenezwa kwa idadi ndogo, ikafa baada ya miaka michache. Mwaka 1951 ikaja Signet 35, ndogo na nzuri. Wakusanyaji leo hulipa pesa nyingi kwa Ektra. C3 haina heshima hiyo, kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno. Unaikuta kwenye minada ya vitu vikuukuu kwa bei ya chakula cha mchana cha huko kwao. Waliotazama filamu ya pili ya Harry Potter wameiona bila kujua: ndiyo kamera ya yule mtoto Colin Creevey anayemfuata Harry kila mahali.

Lakini uchache wa heshima ndio ulioipeleka mahali ambapo kamera za heshima hazikufika. Kijana mmoja wa Marekani, Tony Vaccaro, aliingia Vita Kuu ya Pili kama askari wa miguu. Aliomba awe mpiga picha wa jeshi, akakataliwa. Akaenda vitani na C3 yake mwenyewe. Usiku alisafisha filamu ndani ya kofia za chuma za askari, dawa hii kofia hii, dawa ile kofia ile. Picha zake za vita zinatazamwa mpaka leo, na zinaonyesha vita kama alivyoviona mtu aliyekuwa ndani ya shimo pamoja na wenzake.

Sasa tofali kama hilo lilifikaje Chome? Kijiji chetu kiko kwenye mteremko wa Shengena, kilele cha juu kuliko vyote vya Upare, zaidi ya mita 2,400. Hata leo, ukishuka basi la Arusha pale Same, unangoja gari la kupanda mlima, na mvua ikinyesha unaweza kungoja sana.

Njia ya kwanza ya kufikiria ni maduka, nayo tunaweza kuiweka kando. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na baada ya vita nchi zilizotumia pauni zilibana ununuzi wa bidhaa za dola, kwa sababu dola zilikuwa haba. Kamera ya Marekani haikuwa kitu cha kununua dukani kama sukari. Ilikuja ndani ya mkoba wa mtu.

Na watu wenye mikoba hiyo walikuja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza lilitokana na vita. Upare wa Kusini ulikuwa na wamisheni Wajerumani wa pande mbili: Waadventista, walioingia mwaka 1903, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig. Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani wakawa raia wa adui, wakawekwa kizuizini. Kwa upande wa Walutheri, kanisa la Augustana la Marekani, ambalo tangu mwaka 1926 lilikuwa na misheni Singida, likabebeshwa uangalizi wa kazi iliyoachwa. Wimbi la pili ni la Peace Corps, vijana wa kujitolea walioanzishwa na Rais Kennedy. Kundi la kwanza, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, lilifika Tanganyika mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru. Wakafuata walimu. Mwaka 1969 wakaondoka, siasa zikiwa zimebadilika, wakarudi miaka kumi baadaye. Mwalimu wetu wa kwenye picha alikuwa wa wimbi hilo la pili. Ukiweka miaka pamoja, C3 ilizaliwa mwaka ambao Wajerumani waliondolewa, na ikaacha kutengenezwa miezi michache tu kabla ya Azimio la Arusha. Ni umri wa kizazi cha bibi yangu kutoka utoto hadi kulea watoto.

Kabla ya Mwalimu huyo, kamera ilishafika Upare. Wamisheni wa Leipzig walipiga picha nyingi tangu enzi ya Mjerumani, na leo sehemu kubwa ya hazina hiyo inapatikana kwenye intaneti, kupitia mradi wa picha za kimisheni wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Nimekaa usiku mwingi nikizitazama. Zimo za Upare: nyumba, shule, wanawake wenye mizigo, wanaume waliopangwa mistari. Ni hazina kweli, nisiwe mnafiki. Lakini kila maelezo yanaanzia kwa mwenye kamera. Jina lake lipo. Aliyesimama mbele ya lenzi mara nyingi anaitwa tu "mwanamke Mpare". Na aliyebeba sanduku la kamera mlimani, aliyeshika kitambaa cheusi, aliyewaambia watu watulie kwa Kipare, huyo hayupo kabisa.

Halafu kuna mambo makubwa ambayo nyumbani kwetu hayana picha hata moja. Mwaka 1945 wanaume wa Upare walishuka kwa maelfu kwenda Same kupinga kodi ya mbiru. Jina lilikuwa la zamani, la kile watu walichowapelekea watawala wao wa jadi. Serikali na machifu walilitumia kuita kodi mpya, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Watu wakasema: kodi ya kichwa tutalipa, mbiru hatulipi. Wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano. Ugomvi haukuisha kwa siku moja, lakini mwishowe mbiru ikafutwa. Baba yake babu alikuwa miongoni mwa walioshuka. Katika nyumba yetu ushahidi wa jambo hilo ni maneno tu: alivaa nini, alibeba nini, alirudi lini, miguu imevimba vipi.

Maneno hayo yangepotea yote kama si mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliyepita milima hii kuwasikiliza wazee. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare kilijengwa kwa masimulizi ya koo, na mwaka 1971 akatoa kijitabu kuhusu mbiru. Alifanya kazi hiyo wakati wasomi wengi bado waliamini kwamba pasipo na karatasi hapana historia. Hakuwaamini wazee kwa upofu. Aliweka simulizi la ukoo mmoja kando ya la ukoo mwingine, na yote mawili kando ya karatasi zilizokuwepo, akatazama yanaoana wapi.

Mimi nilisoma hayo yote chuoni, nikafaulu mtihani. Kisha bibi akanipa simulizi lenye vithibitisho vinne, nikacheka moyoni.

Nilihitaji kulishika lile tofali mwenyewe. Binamu yangu anayefanya kazi ya uuguzi Ohio alilipata kwenye mnada wa mtaani kwa dola 25, akanitumia kupitia mtu aliyekuwa anarudi. Lilifika limefungwa ndani ya taulo. Nililipima kwenye mizani ya jikoni: karibu robo tatu ya kilo. Kona zake zinaumiza viganja. Matundu ya nyuma ni mawili kweli, moja la kupimia umbali na jingine la kupangia picha, na kila moja ni dogo kiasi kwamba mwenye miwani anateseka.

Nilitoka nalo barazani. Jirani yangu alikuwa anafua. Nikachungulia tundu la kwanza, nikamlenga. Kichwa chake kilikuwa kimekaa pembeni ya shingo.

Sikupiga kelele kama bibi, lakini nilikaa chini. Mtu hawezi kulibuni hilo. Mtu aliyeiona kamera kwa mbele tu, mikononi mwa mwingine, angeweza kujua rangi, uzito, hata magurudumu. Kichwa kilichokatika kinaonekana kwa yule tu aliyeweka jicho lake kwenye tundu. Na C3 haina kipima-muda cha kujipiga. Ule mkoba wa ngozi begani kwa Mwalimu, ulio wazi, umeachwa na kitu kilichokuwa mikononi mwa mtu mwingine, upande huu tuliosimama sisi tunaoitazama picha.

Kilibaki kidole. Hilo nililielewa kwa kuharibu mkanda mzima. C3 haifanyi kazi yenyewe kama kamera za siku hizi. Unabonyeza kilachi kidogo ili filamu iachie, unazungusha kitufe mpaka fremu inayofuata, kisha unashusha kijiti kilicho mbele ya kamera ili kukaza shata, ndipo unabonyeza. Hatua hizi hazijaunganishwa. Ukisahau kusogeza filamu, picha ya pili inaangukia juu ya ya kwanza. Ndivyo nilivyopata fremu yenye jiko la shangazi na kanisa kwa pamoja, moshi ukitokea dirishani mwa madhabahu. Hilo nilijua ni kosa langu. Lakini picha nyingine saba zilitoka nyeupe na zenye ukungu, na sikujua kwa nini. Rafiki yangu mkusanyaji aliniuliza swali moja: "Kidole cha kati unakiweka wapi?" Kumbe unapobonyeza, kile kijiti cha mbele hurudi juu kwa nguvu zake chenyewe, na kidole kikikizuia, shata inachelewa kufunga. Mwanga unaingia kupita kiasi, picha inaungua. Kila anayetumia C3 huambiwa siku ya kwanza: kidole kisikae mbele.

Bibi aliambiwa mwaka 1964. Akaniambia mimi mwaka 2019. Ningemsikiliza ningeokoa mkanda mmoja, na mikanda siku hizi si bei rahisi.

Kuhusu kusafisha filamu, niseme kidogo kwa ajili ya wenye hamu ya kujaribu. Nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha nyumbani kwa kahawa. Si utani. Njia hii ilitokana na darasa la kemia ya picha huko Rochester, Marekani, mwaka 1995. Kwa lita moja ya maji unaweka gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, dakika 15 kwa nyuzijoto 20, kisha unamalizia na dawa ya fiksa ya kawaida. Nilijaribu kwanza na magadi ya sokoni, negativu zikatoka hafifu, kwa sababu magadi yana mchanganyiko. Nikatafuta soda halisi. Kahawa yetu ya milimani ni arabika, nzuri kwa kinywa, lakini filamu inapenda robusta, ambayo ina zaidi ile asidi inayofanya kazi. Kwa hiyo Mpare mzima nilinunua kopo la kahawa ya Bukoba. Dar es Salaam maji ya bomba ni ya moto, lazima uweke barafu. Chome hauhitaji. Maji ya mfereji asubuhi ni baridi, unayapasha kidogo tu.

Nilipanda mlima tena Pasaka ya mwaka 2022, tofali likiwa ndani ya begi. Nilimsalimu bibi, "Shikamoo," akaitika, akauliza habari za mjini, akauliza lini naoa. Kisha nikaliweka mapajani mwake bila kusema kitu.

Alilishika kwa mikono miwili. Akaligeuza. "Ndilo hili," akasema, kama mtu aliyeletewa sufuria aliloazimisha. "Ila la kwake lilikuwa zito zaidi."

Nikamwomba anipige picha. Akalinyanyua usoni, akachungulia tundu la kwanza, akakaa muda mrefu. Macho yake yana mtoto wa jicho, la kulia limebaki kuona mwanga tu. "Sioni kichwa chako," akasema. "Kimekatika au hakijakatika, sijui." Nikamwambia hakuna neno, mimi nitapima umbali. Lakini kidole chake cha kwanza kilikuwa tayari juu ya gurudumu lenye meno, kinalizungusha polepole, na kidole cha kati alikuwa amekikunja ndani ya kiganja, mbali na kijiti. Sikuwa nimemwonyesha. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, anaangalia kile kidole kilichokunjwa. Safari hii hakucheka.

Nilipima umbali, nikaenda kusimama karibu na mbuni, bibi akabonyeza. Usiku huo nikaisafisha filamu kwenye beseni la shangazi, nyumba nzima ikanuka kahawa iliyochacha. Kwenye negativu nimekatwa nusu ya paji la uso, na upande wa kushoto umejaa ukuta. Ni picha mbaya. Ile ya 1964 ni nzuri: miguu yote iko ndani, nyuso ziko kali, hata majani ya mbuni unaweza kuyahesabu. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyeshika kamera kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliwapatia wote wawili. Mwalimu alirudi kwao na negativu. Kama bado ipo, iko kwenye sanduku huko Marekani, na bila shaka walio nayo wanajua ni picha ya Mwalimu, kazi ya Mwalimu.

Sina namna ya kulirekebisha sanduku hilo. La kwetu naweza. Asubuhi kabla ya kuondoka niliishusha fremu, nikafungua misumari midogo ya nyuma, na chini ya ile 1964 nikaandika kwa penseli jina kamili la bibi yangu, na neno moja mbele yake: mpigaji.

Sikuliandika jina hapa, kwa sababu alinikataza. Alisema watu wa mtandaoni hawamjui, wamjulie nini. Lakini alitaka nimsomee nilichoandika nyuma ya picha. Nikamsomea. Akaniambia nirudishe fremu ukutani, na safari hii ninunue kioo kipya.